Ganzi ya Upande wa Kushoto

Kibondo,
Jumapili, baada ya ibada

Kwako mke wangu, Mama Yusta,

Mwakeye, mke wangu. Nakusalimu kwa jina la Bwana aliyetushikanisha mikono mbele ya watu, na namwomba barua hii ikukute una nguvu zako. Mguu wa mama mkwe unaendeleaje? Uvimbe umeshuka, au bado anatembea na fimbo? Na Filemoni ameacha kukohoa? Huku mvua zimeanza vizuri, maharage ya majirani yamekwisha kutoa majani mawili mawili. Yusta aliniambia mmepanda upande wa bondeni tu, kwa juu mnangoja. Mmefanya vema. Juu pale udongo una haraka ya kukauka.

Mimi ni mzima. Neno hilo nimekuwa nikilisema kwenye simu muda mrefu nikijua ni uongo. Leo naliandika nikijua karibu lote ni kweli, na ile sehemu ndogo iliyobaki nitakueleza.

Barua hii nimempa Mama Mchungaji, anayekuja Kasulu kwenye semina ya akina mama, nami nimemwomba atafute njia ya kufika Titye akukabidhi mkononi, asimpe mtu mwingine. Sikutaka kukupigia. Simu yako haisikiki mpaka iwekwe spika, na ikiwekwa spika jiko zima linasikia. Isome kwanza peke yako. Ukimaliza, ukiona inafaa, msomee mama.

Mara ya mwisho tulipoongea uliniuliza kama kuna mwanamke huku. Nikasema hapana. Ukasema, "Basi niambie neno moja tu la kweli, Baba Yusta, hata kama ni baya." Nikasema chaji inaisha. Chaji ilikuwa imejaa, mke wangu. Mwanamke hakuna, na hajawahi kuwepo. Kilichokuwepo ni ugonjwa, na juu ya ugonjwa huo, hofu ya ugonjwa mwingine ambao sikuwa nao.

Ulianza mwaka juzi, kiangazi kikiwa mwishoni. Nilikuwa nimekaa na cherehani yangu kwenye baraza ya Mzee Bukuru, mwenye nyumba wangu, nashona sare za shule. Mzee huyu nilikwisha kukusimulia: wazazi wake walikimbia kutoka Burundi, yeye akazaliwa huku, na siku hizi ni raia kama mimi na wewe, ana migomba yake na kiduka cha chumvi na sabuni. Ilikuwa saa nane mchana. Kitu kikanichoma nyuma ya jicho la kushoto. Si kichwa kile tunachokijua sisi, cha malaria au cha jua. Hiki ni kama mtu yuko ndani ya kichwa anasukuma msumari wa moto autoe nje kupitia jichoni. Jicho likatoa machozi, lile moja tu. Pua ikatiririka tundu moja tu. Ukope ukashuka kama pazia lililokatika kamba. Nusu ya paji la uso ikaiva ikawaka moto na kutoka jasho, nusu ya pili kavu kabisa. Ngozi ya panja haikutaka kuguswa hata na kofia, hata na upepo, na vinyweleo vya shingo upande uleule vikasimama kama nimekanyaga nyoka. Sikuweza kukaa wala kulala. Nilizunguka ua mzima nikigonga kichwa kwenye mgomba, maana mgomba ni laini. Ilipita kama saa moja, kikaisha ghafla, kama kilivyokuja.

Halafu ikaja ganzi. Shavu la kushoto likalala na panja lake, na vidole viwili vya mkono wa upande huo, kile cha mwisho na jirani yake, vikawa kama vya mtu mwingine aliyeniazima.

Kesho yake saa nane, tena. Kesho kutwa, tena. Mama Anitha, mke wa Mzee Bukuru, akawa ananiangalizia saa. "Fundi," ananiita kutoka jikoni, "zimebaki dakika kumi, weka mkasi chini." Hivyo hivyo kila siku, kama miezi miwili, kisha kikaondoka chenyewe. Nikatoa shukrani kanisani. Sikujua kwamba kina msimu, na kwamba mwaka unaofuata kitarudi wakati uleule.

Lakini kabla hakijaondoka nilifanya jambo la kijinga. Mama mmoja wa kwaya alinishauri nitwange kitunguu saumu nikifunge kwenye panja. Nikakifunga kwa kitambaa maumivu yalipoanza. Maumivu yakapita, ganzi ikashika, nami kwa uchovu nikalala usingizi nimekifunga vilevile. Nilipofungua jioni ngozi ilikuwa imetoka malengelenge kama nimemwagiwa uji wa moto, na mimi sikusikia lolote. Kidonda kilipopona kikaacha baka lililopauka, ukubwa wake kama kizibo cha soda.

Nilikuwa nimekwenda zahanati mara ya mwisho, kidonda hicho kitazamwe kama kimepona. Ukutani palikuwa na bango. Unanijua na kusoma: elimu yangu ni ya darasa la saba, lakini kilichobandikwa mbele yangu nitakisoma hadi mwisho. Bango likasema ukiona baka lililopauka na halina hisia, fika kituo cha afya upimwe, huenda ni ukoma, una dawa, na dawa ni bure. Mama Yusta, mimi nilisoma mpaka kwenye neno ukoma. Yaliyofuata macho yaliyaona, moyo haukuyapokea. Nesi akaita jina langu, nami nikawa nimekwisha kutoka nje.

Ulipoolewa kwetu ulikuta baba mdogo Yonasi amekwisha kufariki, kwa hiyo hukuona. Mimi niliona. Kibanda chake kilikuwa nje ya ua, na sahani yake ya bati ilitobolewa tundu ukingoni ili isije ikachanganyika na zetu. Baba alimpenda mdogo wake, alimlimia mpaka mwisho. Lakini aliyeitoboa ile sahani kwa msumari ni baba.

Basi nikajipima mwenyewe. Mimi ni fundi cherehani, sindano ninazo. Kila siku saa tisa, maumivu yakiwa yamepita na ganzi imeshika, nilijichoma kwenye baka. Sisikii. Nikajichoma kwenye vile vidole viwili. Sisikii. Nikajihukumu. Sasa tazama akili ya mtu mwenye hofu: sikujichoma hata siku moja asubuhi. Asubuhi nilikuwa bado na tumaini kidogo, sikutaka kulitoboa. Na ile miezi kichwa kilipokuwa kimeondoka, hata kunawa uso nilipapita panja nisipaguse.

Nikatenga sahani yangu na kikombe changu. Mama Anitha alipouliza nikamwambia nimeweka nadhiri mbele za Mungu ya kula peke yangu kwa muda. Mungu anisamehe. Wakaniheshimu zaidi. Mchungaji akanitaja kuwa mfano kwa vijana, na mimi nimekaa benchi la nyuma. Siku ya Meza ya Bwana nilikuwa natoka kabla kikombe hakijanifikia, na watu wakadhani nimeingia katika maombi ya ndani sana. Hilo nimekwisha kuliungama kwa Mchungaji. Sasa naliungama kwako.

Halafu mwaka jana ukaja wewe.

Nimeandika mstari huo nikaacha kalamu, nikaenda kuteka maji, nikarudi. Ulikuja na mihogo mikavu na maharage, umesuka nywele. Ulishuka kwenye gari ukaninyoshea mikono miwili, nami nikashika kamba ya mzigo badala ya mikono yako. Nikakulaza chumba kimoja na Anitha, binti wa Mzee Bukuru. Chakula nikakuletea, nikala kwangu. Asubuhi nikakuambia nina sare nyingi za kumaliza, nikakurudisha stendi. Ulikaa dirishani ukatazama mbele mpaka gari likaondoka. Najua mama alisema nimeoa huku. Kwa ushahidi ule, hata mimi ningesema. Siku ile ilikuwa msimu wa kichwa, na saa nane ilinikuta nimesharudi barazani, na nakuambia kweli, kwa mara ya kwanza maumivu niliyapokea kama kitu ninachostahili. Noeli mbili sikuja nyumbani, kwa sababu nilijua nikifika Filemoni atataka kulala kwenye mkono wangu.

Sasa sikia kilichonifungua.

Mwezi uliopita walikuja watu wa kutoka Kasanda kumposa Anitha. Kwa sababu ya ile nadhiri yangu ya uongo, Mzee Bukuru alinichagua mimi niwe msemaji wa upande wa binti. Akasema nyumba yake inataka mtu msafi. Nilishindwa kukataa. Nikashona hata gauni la Anitha, nikapiga pasi suruali yangu, nikakariri maneno.

Desturi yetu unaijua. Mtungi wa mtobe, maji matamu ya ndizi yasiyochacha, unawekwa katikati na mrija mmoja. Msemaji wa wenyeji anavuta kwanza, kuonyesha hakuna sumu, kisha anampa mrija msemaji wa wageni bila kuupangusa. Hapo ndipo mazungumzo yanaanza, na kabla ya hapo hakuna kilichosemwa kinachohesabika. Nimeliona jambo hili tangu utoto, na bado siku ile nilikaa nikipanga hotuba kichwani, mrija sikuukumbuka mpaka uliponisimama mbele ya pua.

Msemaji wao alikuwa Mzee Ntibona, mtu mnene mwenye maneno. Nikamwambia, "Mzee, anza wewe, mgeni ndiye wa kwanza."

"Kumbe kwenu Titye mgeni ndiye anayeonjeshwa sumu," akasema.

Watu wakacheka. Nikaomba niletewe glasi.

Akawageukia wenzake. "Glasi. Jamani, tumekuja kuposa au tumekuja hotelini?"

Nikasema nina nadhiri.

"Nadhiri ya kutokunywa maji ya ndizi? Hiyo iko kitabu gani, nami nikaisome?"

Wakacheka tena, ila safari hii kicheko kilikatika njiani. Mjomba wa kijana akavaa kofia yake. Mwingine akasema kwa Kiha, taratibu, kwamba nyumba inayokataa mrija wake inajua kilichomo mtungini. Wakaanza kusimama mmoja mmoja. Nilimwona Anitha dirishani, ameshika pazia, na lile gauni. Mzee Bukuru akaniinamia sikioni.

"Fundi, umekaa kwangu miaka mitatu. Nimekukosea nini? Vuta mrija."

"Siwezi, mzee."

"Vuta, nakuomba. Bahati ya binti yangu inaondoka hivi."

Nikasema kwa sauti, ili nisiweze kuirudisha, "Nina ukoma. Nikivuta mrija huu nitawapa wote."

Mama aliyekuwa amekaa karibu nami akavuta khanga yake magotini. Na hapo hapo, maana saa ilikuwa imetimia, kichwa kikaja. Mbele ya wageni wote, na suruali yangu ya pasi, nikaanza kuzunguka ua na kugonga mgomba, jicho linatoka machozi, ukope umeshuka.

Miongoni mwa wanawake wa Kasanda alikuwepo bibi yake bwana harusi, anaitwa Bibi Melania. Wenzake walitaka kuondoka, lakini yeye ni mkubwa wao, na yeye akavuta kigoda akakaa chini ya ule mgomba wangu. Alinitazama tu mpaka kilipoisha, nami nikaanguka kukaa chini karibu naye. Ndipo nikaiona mikono yake. Vidole vyake vimeishia katikati, mikono yote miwili.

"Kijana, nani kakuambia una ukoma?"

"Bango, bibi. La zahanati."

"Bango lilikugusa?"

Nikalifuta jicho kwa mkono wa shati.

"Mimi nilikuwa nao, tazama," akasema, akaniwekea mikono mapajani mwangu. "Ulinila hivi vidole nikiwa msichana napika ugali, nashika sufuria la moto, wala sikuumia hata siku moja. Mpaka nione ngozi imebanduka ndipo najua nimeungua. Haukuniliza jicho. Haukunikimbiza uani kama kuku wa sikukuu. Na saa haukuijua. Huu wako una saa kuliko kengele ya shule."

"Lakini baka hili, bibi. Na ganzi."

Akaligusa kwa kigutu cha kidole. "Unasikia?"

"Hapana."

"Haya, kaa." Akaanza kuniuliza habari za watoto wangu, wangapi, wanasoma wapi, nani anawalea. Nikamtaja Yusta, nikamtaja Filemoni, nikakutaja wewe. Akaniuliza mara ya mwisho kukuona ni lini, na nilipomjibu akaguna. Kisha akaligusa tena lile baka. "Na sasa?"

Nikasikia. Kwa mbali kwanza, kama mtu anayebisha mlango wa jirani, halafu nikasikia kabisa ule mkono mkavu wa bibi kwenye ngozi yangu.

"Imana, Mungu wangu," akasema, "ganzi ya ukoma huwa haiendi matembezi ikarudi kwao." Halafu akapandisha sauti, na najua hakuwa anasema na mimi tena. "Na hata angekuwa nao, una vidonge. Mimi nilimeza, nikapona, nikaolewa, nikazaa saba, na huyu kijana mnayemposea ni mjukuu wangu niliyemlea kwa mikono hiihii. Kuna hapa aliyeugua kwa kula chungu changu? Asimame."

Waliokuwa wamesimama wakakaa.

Akaenda kwenye mtungi, akaushika mrija katikati ya viganja viwili, akavuta, akanikabidhi. "Vuta, baba, unatuchelewesha na safari ni ndefu."

Nikavuta. Nilikuwa nimesahau ladha yake. Nikampa Mzee Ntibona, akavuta muda mrefu kuliko inavyohitajika, akapangusa midomo, akasema, "Kumbe sumu yenyewe tamu hivi." Posa ikaenda vizuri. Harusi ni baada ya mavuno.

Jumatatu yake Mzee Bukuru mwenyewe alinipeleka hospitali. Njiani hakuniuliza kuhusu nadhiri. Aliniambia tu, "Sahani yako Mama Anitha ameichanganya na zingine, usimsumbue kuitafuta."

Daktari ni binti mdogo, nadhani hata dada yako Rehema anamzidi umri. Akanifumbisha macho, akanigusa kwa pamba uso mzima na mikono, na mimi niseme ndiyo kila nikisikia. Ilikuwa asubuhi. Nilisema ndiyo kila mahali, mke wangu, kila mahali. Akashika mishipa ya nyuma ya masikio na ya viwiko, akasema dalili za ukoma hazioni, na lile baka ni kovu la kuungua na kitunguu saumu. Kisha akaniambia, "Baba, nataka nikione hicho kichwa chenyewe. Usiende mbali." Nikakaa kwenye benchi kumngoja adui yangu, na saa nane akafika bila kukosea. Binti yule akatazama jicho, akatazama jasho la nusu uso na vinyweleo vilivyosimama, akawaita wenzake wawili waje waone. Wakanivalisha kinyago cha plastiki chenye mpira unaotoka kwenye mtungi wa oksijeni, wakaniambia nivute kwa nguvu. Haikufika robo saa, msumari ukatoka. Nililia, safari hii kwa macho yote mawili.

Aliponieleza nilimwomba aseme polepole. Akasema huo ni ugonjwa wa kichwa unaokuja kwa msimu, unapiga upande mmoja, kwa saa zake, na mishipa ya fahamu inayoendesha machozi na jasho na damu ya ngozi upande ule inavurugika pamoja nao. Hauambukizi, na hautoki kwa pepo wala kwa jirani. Dawa ya kuung'oa moja kwa moja haipo, ila zipo za kuutuliza unapokuja na za kuuzuia usije mara kwa mara. Pombe imekatazwa kabisa msimu ukiwa umeanza, nami nikamwambia hapo hatutagombana. Vidonge alivyonipa kumbe ni vya watu wa moyo na presha, kwa hiyo kwanza wakanipima moyo, wakauona uko sawa. Nimevimeza wiki mbili. Wiki hii kichwa kimekuja mara tatu tu, na mara moja kilikuja kama mtu anayeona aibu, kikaondoka.

Ile sehemu ndogo niliyosema nitakueleza ni hii. Kuhusu ganzi, daktari hakunificha. Alisema wenye ugonjwa huu si wengi wanaopata ganzi kama yangu, kwa hiyo anataka nikapigwe picha ya kichwa Kigoma, awe na hakika kwamba hakuna kitu kingine kimejificha. Kwa alivyonipima haoni dalili mbaya, lakini anataka kuona, si kubahatisha. Naogopa, sitakudanganya tena. Ila naogopa kama mtu aliye kati ya watu. Hofu ile nyingine nilikuwa nayo peke yangu.

Gari la Kigoma linapita Kasulu. Nitasafiri Jumatano, si hii, ile inayofuata. Nitashuka Kasulu asubuhi na kungoja ng'ambo ya stendi, kwa yule mama wa chai na mihogo ya kuchemsha, mpaka gari la saa saba. Usinipigie simu kunijibu. Kama moyo wako umekataa, sitakulaumu, nitaendelea na safari yangu, na nikirudi nitapita Titye nikuombe radhi mbele ya mama na mbele ya watoto, halafu wewe useme unavyotaka. Kama umekubali, njoo na nguo za siku mbili, twende Kigoma wote.

Msalimie mama mkwe kwa heshima zote, mwambie dawa ya mguu nimempatia, naja nayo. Msalimie kaka yako Elifasi aliyenilimia shamba la juu miaka hii miwili bila kuniuliza kwa nini siji. Mzee wa kanisa Danieli, na mkewe anayetushonea mikeka, wape salamu. Yusta mwambie barua yake ya shule niliipata na mwandiko wake umenizidi. Filemoni mwambie baba anakuja, na mkono wangu ni wake.

Limebaki jambo moja, nilitaka kulisema mwisho lisipotee kati ya mengine. Ukija, saa nane itatukuta njiani. Kichwa kikija, usiogope na usiite watu. Fungua dirisha. Usinishike kichwani, ngozi haitaki, na nikihangaika kwenye kiti niache nihangaike. Kikipita, vidole viwili vya mkono wa kushoto vitakufa ganzi. Hivyo nakuomba uvishike. Mwanzoni sitasikia kama umevishika, lakini usiviachie. Vitarudi.

Ni mimi mumeo mbele za Mungu,

Zabroni